Mbegu za Mkondekonde: Uliza Kwanza Zimeokotwa Mita Ngapi

Mwaka wangu wa kwanza wa kitalu, hapa Marangu kwenye Mlima Kilimanjaro, nilinunua mbegu za mkondekonde (Prunus africana) zilizookotwa kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachagga) vya chini, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ziliota vizuri mno. Miche tukaipanda karibu na mpaka wa msitu, mita 1,900 hivi. Baridi ya Juni na Julai ikavikausha vilele vyake, na mwaka wa tatu ilikuwa bado haijanifika magotini. Iliniuma sana, maana akina mama wa kikundi chetu waliibeba kichwani siku nzima.

Mlimani, kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6. Mita 700 zile zilikuwa tofauti ya nyuzi nne. Mti uliozoea joto la huko chini mlimani hurithisha watoto wake tabia hiyo hiyo.

Kwa hiyo siku hizi naanzia shambani, siyo kwenye mbegu. Nasimama mahali tutakapopanda na kupima mwinuko kwa simu. Nasubiri dakika chache na kupima tena, kwa kuwa namba huyumba. Pakiwa mita 1,900, natafuta miti mama, yaani miti ya kuokotea mbegu, kati ya mita 1,750 na 2,050. Upande wa mlima nao una maana: Rongai, upande wa kaskazini, ni kukavu kuliko huku kwetu kusini, hivyo mbegu za kule sizileti hapa hata mita zikilingana.

Miti mama nataka isipungue 20, na kati ya mmoja na mwingine niache kama hatua 100, kwani iliyosongamana mara nyingi ni ndugu. Mti ulio peke yake kihambani nauacha. Uliobanduliwa magome kwa ajili ya dawa nauacha pia, upumzike. Na ndani ya Hifadhi ya Taifa usiokote chochote bila kibali.

Tunda likigeuka rangi ya zambarau iliyokolea, tandika turubai na utikise matawi. Menya na kuosha siku hiyo hiyo, kisha anika kivulini. Usianike juani hata kidogo! Mbegu hii haivumilii kukauka sana wala kukaa ghalani. Mimi naisia ndani ya wiki moja.

Kila mfuko natia karatasi: kijiji, mita, upande wa mlima, tarehe, idadi ya miti mama. Mbegu zikiingia kwenye tuta, maneno yale yale nayaandika kwenye kibao, na miche ikihamia kwenye viriba (mifuko ya kukuzia miche), kibao kinahama nayo. Ukinunua mbegu, hata kwa Wakala wa Huduma za Misitu, omba maelezo hayo kabla ya kulipa. Muuzaji akisema tu "zimetoka Kilimanjaro", muulize tena: mita ngapi?