Kathmandu hadi Lukla: jinsi ya kukokotoa umbali na muda wa ndege

Anza na viwianishi vya viwanja vyote viwili, vikiwa katika desimali. Kathmandu, mji mkuu wa Nepali, ni latitudo 27.697, longitudo 85.359; Lukla, mji mdogo wa milimani nchini humo, ni 27.687 na 86.730. Kosa linalojirudia hapa ni kusoma 27°41′ kana kwamba ni 27.41. Zile ni dakika, gawa kwa 60 kwanza, la sivyo umeuhamisha uwanja kilomita 30 hivi.

Latitudo zinakaribia kulingana, kwa hiyo tofauti ya longitudo inatosha: digrii 1.371. Zidisha kwa kosaini ya 27.7, yaani 0.885, kwa kuwa mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoiacha ikweta. Unapata 1.213. Zidisha kwa 60, kwa kuwa digrii moja ni maili za baharini 60, ni maili za baharini 73. Kila moja ni kilomita 1.852, basi kilomita 135. Usihangaike na tofauti ya mwinuko (Kathmandu mita 1,338, Lukla 2,845). Kwenye mstari mnyoofu inaongeza kama mita 8 tu.

Mwinuko unaathiri kasi. Hewa ikiwa nyepesi, kipimo cha rubani husoma chini ya kasi halisi. Ongeza takriban asilimia 2 kwa kila futi 1,000. Ndege inayosoma maili za baharini 125 kwa saa kwenye futi 12,000 inakata hewa kwa kama 155. Kwa Twin Otter, ndege ndogo ya abiria, shika maili za baharini 150 kwa saa: 73 ÷ 150 × 60 ni dakika 29. Upepo wa mbisho wa maili za baharini 20 kwa saa unaushusha mwendo hadi 130, na dakika zinakuwa 34. Jumlisha 5 za kupanda na kujipanga kutua.

Hesabu hiyo inafaa ndege ikiruka, na hapo ndipo wengi hukwama. Njia ya kutulia Lukla ina mita 527 tu, imeinama karibu asilimia 12, na mwisho wake ni ukuta wa mlima. Ndege hutua ikipanda na kuruka ikishuka. Ikishakaribia sana, hakuna kuzunguka kujaribu tena. Wingu likiziba bonde, rubani hurudi alikotoka. Chukua safari ya kwanza ya asubuhi, maana mchana upepo na mawingu huongezeka, na usikate tiketi ya ndege ya kimataifa kabla ya kujiachia siku mbili za akiba.

Msimu wa watalii wengi, safari nyingi huhamishiwa Manthali, wilaya ya Ramechhap. Kutoka huko ni kama kilomita 73, dakika 15 hadi 20 angani. Lakini Manthali kwenyewe kunafikiwa kwa gari kutoka Kathmandu, mwendo wa saa nne hadi tano, na ili kuiwahi ndege ya alfajiri magari huondoka usiku wa manane.