Soma shairi kwa mguu

Juma hili nilikuwa na vitu viwili mkononi: diwani ya mashairi ya arudhi, yaani yanayofuata kanuni za utungaji, na rekodi za nyatiti, ala ya nyuzi, nilizokuwa nikisikiliza kwenye matatu kutoka Kondele hadi mjini Kisumu. Sikutarajia kimoja kingenifundisha kusoma kingine.

Mpigaji nyatiti wa Kijaluo hupiga nyuzi 8 kwa vidole, lakini mdundo wenyewe huutoa mguuni: huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akaigonga kwenye mti wa ala, huku njuga zikilia mguuni.

Basi jaribu hivi. Chukua shairi la tarbia, lile la mishororo minne kila ubeti. Mara nyingi mshororo una mizani (silabi) 16: 8 za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili. Soma kwa sauti, ukigonga sakafu kwa kisigino kila ufikapo mizani ya 8. Mfano: "Upepo wa ziwa letu", gonga, kisha endelea. Utasikia vina, yaani silabi zinazofanana, vikiitikiana toka mshororo hadi mshororo, vya kati kwa vya kati na vya mwisho kwa vya mwisho, jambo ambalo macho peke yake hulipita. Na mshororo uliopungukiwa na mizani utaushika papo hapo, kama mtu aliyekosea hatua kwenye ngoma.

Nimependa sana jinsi watoto wanavyodaka zoezi hili, hata wale wanaosema fasihi ni ngumu. Usianze na shairi refu. Beti mbili zatosha jioni moja, na msomaji wa pili akiwepo, mmoja asome ukwapi, mwingine ajibu utao.