Stendi ya maua ya mtindo wa miaka ya 1950

Zile stendi zenye miguu minne na msalaba wa mbao katikati unaobeba chungu cha maua unaweza kuzitengeneza mwenyewe nyumbani. Kazi yote iko kwenye msalaba. Pima chungu mahali kilipo kipana zaidi, ongeza milimita 5 ili kitoke bila kukwangua miguu; huo ndio urefu wa kila kipande cha msalaba. Kwenye kila kipande cha msalaba kata pengo katikati: kina nusu ya unene wa ubao, upana sawa na kipande mwenzake. Pitisha msumeno ndani kidogo ya mstari, halafu malizia kwa patasi mpaka viingiane kwa kusukuma na kiganja. Vikicheza, gundi haitakusaidia. Miguu ishikize kwenye ncha za msalaba kwa gundi na vijiti vya mbao vinavyoingia kwenye matundu. Misumari hupasua ncha. Msasa, kisha vanishi, hata chini ya miguu, maana maji hutuama hapo.