Kufunga na Kuendesha Baiskeli ya Kaboni ya Shokapu Mbili, kuanzia Pwani ya Mtwara hadi Miteremko ya Newala

Fremu ya kaboni yenyewe haipati kutu. Kinacholiwa ni kila kilichofungwa juu yake: bolti, beringi, na vipande vya alumini vilivyogandishwa ndani ya fremu tangu kiwandani. Kwa anayeishi Mtwara, Mikindani, Lindi au Kilwa, chumvi ya bahari na mchanga wa mashamba ya mikorosho vinaua baiskeli hii haraka kuliko mawe yoyote ya Masasi. Sababu ni kwamba kaboni inapitisha umeme. Ikigusana na alumini na maji ya chumvi yakaingia katikati, alumini huanza kulika kimyakimya, na utaona unga mweupe ukitokeza kwenye maungio. Ukichelewa, nguzo ya siti itagandia ndani ya fremu isitoke tena.

Kwa hiyo unapofunga, hakikisha pale chuma au alumini inapokutana na kaboni pana kitu cha kuzitenganisha. Sehemu isiyohitaji kushikilia kwa msuguano, kama beringi na ekseli, ipake grisi isiyopitisha maji, ile inayotumika kwenye injini za boti. Sehemu inayohitaji kushikilia, yaani nguzo ya siti na usukani, ipake losheni maalumu ya kaboni yenye chembechembe. Usizibadilishe nafasi. Nguzo ya siti iliyopakwa grisi ndani ya fremu ya kaboni huteleza, mwenye baiskeli huongeza kukaza, na fremu hupasuka juu ya kibano.

Fremu, na safari yake kutoka Dar

Kwa njia zetu, mwendo wa shokapu (umbali ambao gurudumu hupanda shokapu ikibonyea) wa milimita 120 hadi 140 nyuma na 130 hadi 150 mbele unatosha. Uwanda wa Makonde ni tambarare kwa sehemu kubwa, utapiga pedali kwa muda mrefu kwenye mchanga kabla ya kufika ukingoni ambako njia inaporomoka kuelekea bonde la Ruvuma. Baiskeli ya milimita 170 utaikokota siku nzima ili uifurahie kwa dakika chache.

Ukinunua fremu ya mtumba, ioshe kwanza. Nyufa hujificha chini ya vumbi. Kagua kwa tochi eneo la chini ya pedali, shingo ya mbele, pale shokapu ya nyuma inapofungwa, na mikono miwili inayopita kando ya gurudumu la nyuma. Kisha gongagonga kwa sarafu ukisogea sentimita moja moja. Kaboni nzima hutoa mlio mkali. Palipoachana tabaka ndani mlio hufifia kama unagonga kadibodi. Linganisha upande wa kushoto na wa kulia mahali palepale, maana unene wa fremu hubadilika na mlio hubadilika nao. Mkwaruzo wa rangi peke yake si tatizo, ila ukikwama ukucha unapopitisha kidole, au ukiona nyuzi, achana nayo.

Fremu nyingi huumia kwenye buti la basi. Kaboni hustahimili nguvu kubwa katika mwelekeo iliyoundiwa, lakini kubanwa ubavuni na gunia la mchele au kukazwa kwa kamba ya mpira hakumo katika hesabu za aliyeiunda. Itoe magurudumu, fungua kibadilisha gia cha nyuma ukizungushie kitambaa, weka kipande cha mti chenye upana wa ekseli kati ya ncha za foki na kingine nyuma, viringisha kila bomba kwa sponji la godoro, halafu tia kwenye boksi gumu. Mwambie kondakta iwe juu ya mizigo mingine, na uishuhudie mwenyewe ikipakiwa.

Beringi za viungo

Hapa usiwe na haraka. Beringi ya gurudumu huzunguka mizunguko kamili na grisi yake hujisambaza. Beringi ya kiungo cha nyuma, pale fremu inapojikunja shokapu ikifanya kazi, hucheza nyuzi chache tu mbele na nyuma, gololi zilezile zikikandamiza palepale maelfu ya mara. Grisi husukumwa pembeni, unyevu wa chumvi huingia, kutu huanza. Katika pwani hii beringi mpya zilizofungwa bila kuongezwa grisi zinaweza kuanza kukwaruza ndani ya msimu mmoja.

Namba ya beringi imeandikwa kwenye kifuniko chake cha mpira. Zinazopatikana sana kwenye fremu hizi ni 6902 (tundu milimita 15, kipenyo cha nje 28, unene 7), 6802 (15, 24, 5) na 6900 (10, 22, 6). Nunua kwa namba, zenye alama ya 2RS, maana yake zina vifuniko vya mpira pande zote mbili. Kama unaweza kuagiza zile zilizojazwa gololi tupu bila kizimba, ziagize: hubeba mzigo mkubwa zaidi, na kwa kuwa hazizunguki kasi hazina hasara yoyote hapa. Inua kifuniko kwa ncha ya sindano, jaza grisi ya boti hadi karibu na ukingo, rudisha kifuniko.

Usiingize beringi kwa nyundo. Tumia bolti ndefu, nati na washa mbili pana. Washa ikandamize ringi ya nje tu. Ukikandamiza ringi ya ndani umeiharibu beringi kabla haijatumika, na nyundo ikienda upande inachana kiti cha kaboni. Beringi ikiingia, paka ekseli ya kiungo grisi, ila meno ya bolti yapake gundi ya bluu ya kuzuia kulegea. Nguvu ya kukaza fuata maandishi yaliyo kando ya bolti yenyewe.

Kufunga vingine

Spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm (nyutoni-mita), ni lazima, inayoanzia Nm 2 hadi 25 kwa kazi nyingi, na kubwa zaidi kwa kaseti (rundo la gia za nyuma) na pedali. Mkono wa fundi mzoefu wa Phoenix za chuma umezoea chuma kinacholia kabla hakijakatika. Kaboni haitoi onyo hilo. Na usibane fremu kwenye stendi kwa bomba lake. Bana nguzo ya siti, na iwe ya alumini.

Usukani: bolti nne za kibano kwa Nm 5 hivi, ukikaza kwa msalaba, robo mzunguko kila moja, nafasi ya juu na ya chini zikibaki sawa (vibano vingine vinataka juu pagusane kabisa, soma maandishi). Kibano cha siti Nm 4 hadi 5. Bolti sita za rota (sahani ya breki) Nm 5 hadi 6. Kalipa (kibano cha breki kinachoishika rota) Nm 6 hadi 8. Kaseti Nm 40. Pedali Nm 35 na grisi kwenye meno, na kumbuka ya kushoto hufungwa kinyume.

Bomba la foki likatwe milimita 3 chini ya ukingo wa juu wa shingo ya usukani, la sivyo kifuniko hakitakaza beringi. Kaza kifuniko cha juu kwanza, taratibu, hadi mchezo uishe, ndipo ukaze bolti za ubavuni. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma: ukisikia kugonga, rudia. Ukikata kitu chochote cha kaboni, tumia msumeno wa chuma wa meno madogo, meno 32 kwa inchi, zungushia tepu, lowesha kwa maji na uvae barakoa. Vumbi lake lisikaribie mapafu yako wala ya mtoto anayechungulia.

Urefu wa cheni ndipo wengi wanapoharibu. Katika fremu ya shokapu ya nyuma, umbali kati ya krenki na ekseli ya nyuma huongezeka gurudumu linapopanda. Toa hewa yote ya shokapu, kandamiza fremu hadi mwisho, zungusha cheni kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye kibadilisha gia, kisha ongeza viungo viwili, kimoja cha ndani na kimoja cha nje. Aliyepima baiskeli ikiwa imesimama wima hupata cheni fupi, na siku anapotua vibaya akiwa gia nyepesi, kibadilisha gia hung'oka pamoja na kishikizo chake. Kishikizo hicho ni laini kwa makusudi ili kipinde kabla ya fremu. Nunua viwili vya ziada vya fremu yako siku ileile unayoinunua, kwa sababu kila fremu ina chake na Mtwara hutakikuta dukani.

Kuhusu breki, jua kimiminika chako. Zipo zinazotumia mafuta ya madini na zipo za DOT. DOT 4 utaipata kwenye duka lolote la spea za magari, jambo linalofaa huku, ila inanyonya unyevu wa hewa: ibadilishe kila mwaka, fungua chupa mpya kila mara, na ifute mara moja ikidondoka kwenye rangi. Kuchanganya aina hizo mbili huvimbisha mipira ya ndani, na breki imekwisha.

Tairi

Kwa gurudumu la inchi 29, tairi la upana wa inchi 2.4 au 2.6, bila tyubu. Miiba na vijiti vya kisiki vitakutesa ukiweka tyubu nyembamba. Tepu ya ringi ivuke upana wa ndani wa ringi kwa milimita 3 hadi 5. Gundi ya maji ya kuziba matundu, mililita 100 hadi 120 kila tairi. Katika joto letu hukauka mapema, hivyo fungua na ukague kila baada ya miezi miwili. Pampu ya mkono ikishindwa kulikalisha tairi kwenye ringi, peleka kwa fundi wa pancha wa bodaboda mwenye kompresa. Beba adapta ya valvu nyembamba, toa kiini cha valvu ili hewa iingie kwa wingi, na mwambie asipitishe PSI 40 (kipimo cha presha ya hewa).

Kwa mtu wa kilo 70, anza na PSI 21 mbele na 24 nyuma. Kwenye mchanga mzito shusha hadi 16 na 19, ila pandisha tena kabla ya kushuka kwenye mawe, kwani ringi ya kaboni ikigonga jiwe tupu hupasuka.

Kuweka shokapu

Pampu ya shokapu tu. Kompresa ya mtaani isiguse valvu hiyo. Kwa shokapu nyingi za hewa za nyuma, mwanzo mzuri ni PSI sawa na uzito wako kwa ratili: kilo 70 ni takribani PSI 155. Foki ina jedwali lake kwenye mguu wake. Kila ukiongeza PSI 50, simama ubonyeze mara kumi ili hewa ijigawe katika vyumba viwili vya ndani.

Kisha vaa kila utakachobeba, pamoja na maji. Kaa, sukuma kipete cha mpira kilicho kwenye shokapu hadi kwenye ukingo, shuka bila kurukaruka, upime. Nyuma izame asilimia 25 hadi 30: shokapu yenye mwendo wa milimita 55 izame milimita 14 hadi 16. Mbele asilimia 15 hadi 20. Kasi ya kurudi, yaani jinsi shokapu inavyofunguka baada ya kubonyea, ianze katikati ya mibofyo ya kitufe chake. Ukishuka ngazi moja ya baraza na siti ikakurusha, ongeza mibofyo miwili ya kupunguza kasi.

Njiani

Mchangani, shuka gia kabla hujaingia, si ukiwa ndani. Uzito nyuma kidogo, mikono ilegee, pedali zizunguke bila kusita, na usukani uuache utembeetembee wenyewe. Breki ya mbele isahau. Asubuhi yenye umande au baada ya mvua mchanga huwa mgumu. Saa saba mchana kiangazi utasukuma. Kwenye ufukwe wa Msimbati pita maji yakiwa yamekupwa, juu ya mchanga uliokauka nusu, usiingie kwenye maji.

Juu uwandani hakuna vijito. Maji ya wenyeji wa Newala na Tandahimba kwa vizazi vingi yalichotwa mabondeni, na njia hizohizo ndizo utakazoshuka nazo. Beba lita tatu. Ukikutana na mama mwenye ndoo kichwani au mtu anayesukuma baiskeli ya mzigo, wewe ndiye unayesimama, unatoa shikamoo, unapisha. Ukiingia njia za kijiji usichokijua, pita kwanza kwa mwenyekiti. Msimu wa korosho usikatize chini ya mikorosho iliyofagiliwa, mkulima anaokota pale. Na wanapopuliza salfa subiri upepo uichukue, inawasha macho na koo vibaya.

Kwenye mteremko: siti chini, simama, pedali usawa, visigino chini, viwiko nje, macho mita kumi mbele. Funga breki kabla ya kona kwa nguvu fupi, achia ndani ya kona. Kuzivuta kidogokidogo hadi chini huchemsha rota, na lever ikianza kuwa laini, simama dakika tano.

Ukirudi, mwagia maji baridi yasiyo na chumvi kwa ndoo na sponji, bila mashine ya presha, kwani husukuma mchanga ndani ya beringi. Futa miguu ya foki, kausha cheni, tia nta kavu wakati wa kiangazi. Mafuta mazito yakikutana na mchanga huwa tupa. Kila miezi mitatu toa nguzo ya siti, safisha, paka losheni upya. Baada ya kuanguka, rudi kwenye tochi na sarafu. Ukikuta nyuzi zimekatika, usikubali kiraka cha fundi wa boti za faiba: resini ya poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi iliyokwisha kukauka. Kiraka cha kweli ni kitambaa cha kaboni na epoksi, kwa mtu anayejua mwelekeo wa nyuzi za fremu hiyo, na kama ufa uko kwenye shingo ya mbele au viti vya beringi, tafuta fremu nyingine.