Bastola ya kuwekea nukta nyekundu: anza na kiganja chako

Wengi wanaokuja kuniuliza kuhusu bastola ya pini ya kuwekea nukta huanzia kwenye nukta yenyewe, yaani kile kilengeo kidogo cha kioo kinachoonyesha nukta ya mwanga: kampuni ya Trijicon au Holosun, nyekundu au kijani. Bastola yenyewe wameshaichagua kwa kutazama video. Mimi huwarudisha hatua moja nyuma. Kilengeo unaweza kukiuza ukanunua kingine, lakini bastola isiyokaa vizuri mkononi itakufanya uisake nukta kwenye kioo kila unapoinua mikono. Hapo ndipo watu wengi huchoka, wakasema vilengeo hivi havina maana, kumbe shida ilikuwa kwenye mpini.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Houston, Texas. Nasimamia usalama kwenye renji ya ndani, yaani ukumbi wa mazoezi ya shabaha, na Jumamosi nafundisha wanaoanza. Mikono yangu ni midogo, na wanafunzi wangu wengi ni akina mama na akina dada wenye mikono kama yangu. Kwa hiyo nitasema zaidi kuhusu mambo ambayo wauzaji wenye viganja vikubwa huyapita haraka.

Sheria ije kabla ya bei. Huku ukinunua dukani utajaza fomu ya 4473, na duka litapeleka taarifa zako kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI. Mwenye kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, anaweza kununua. Aliyeko kwa viza ya muda, kwa mfano ya masomo au ya utalii, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika bastola ya kukodi kwenye renji. Misamaha ipo, ila ni michache, na ya kumuuliza ni mwanasheria wa uhamiaji, siyo rafiki yako wa msikitini au kanisani. Na shemeji akikuomba umnunulie kwa jina lako kwa sababu karatasi zake bado hazijakaa sawa, mkatalie. Hilo ni kosa la jinai la serikali kuu, na linaweza kukuvurugia maisha yote uliyoyajenga huku. Kuipeleka nyumbani Afrika ndani ya begi, usiliwaze kabisa.

Sasa kwa nini bastola za pini? Katika aina hii hakuna nyundo nyuma ya slaidi, kile kipande cha juu kinachokwenda mbele na nyuma. Ndani ya slaidi kuna pini inayosukumwa na springi; ukivuta triga, pini inaachiwa na kugonga risasi. Faida yake kwa mwanafunzi ni kwamba triga huvutika kwa uzito uleule kuanzia risasi ya kwanza hadi ya mwisho, tofauti na bastola za nyundo ambazo mara nyingi mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito na wa pili ni mwepesi. Ukiwa na nukta utaliona hilo waziwazi, maana nukta hukuonyesha kila mtikisiko wa kidole. Pia sehemu ya juu ya slaidi, mbele ya kilengeo cha nyuma, iko wazi na tambarare, na hapo ndipo viwanda hukata nafasi ya kukalia nukta. Glock walileta bastola zao za MOS, zinazotoka kiwandani zikiwa na nafasi hiyo, mwaka 2015, na Januari 2017 jeshi la Marekani likachagua SIG M17, ambayo slaidi yake imeandaliwa kupokea nukta. Zamani wengi walilazimika kupeleka slaidi kwa fundi wa kukata chuma.

Kipimo cha kiganja kinafanyika hivi. Mwombe muuzaji aondoe magazini na afungue slaidi, kisha angalia chemba, pale risasi inapokaa, mwenyewe na uiguse kwa ncha ya kidole. Muulize ni upande gani unaoruhusiwa kuelekeza mtutu. Chagua alama ndogo ukutani, itazame, fumba macho, inua bastola kwa mikono miwili kama unavyopenda kuishika, halafu fumbua. Usisogeze kitu. Kilengeo cha mbele kikiwa kimesimama sawa ndani ya pengo la kilengeo cha nyuma, bastola hiyo na mkono wako vinaelewana. Kikiwa kimechomoza juu, nukta nayo ingekuwa imepotelea juu ya kioo. Kikiwa kimezama, ungeikuta chini au usiione kabisa. Rudia mara kadhaa, kisha shika bastola nyingine. Mpini wa Glock umelala nyuma kuliko ule wa 1911, bastola ya zamani ya nyundo, na waliozoea 1911 hushangaa kuona mtutu umeelekea juu kila wakiinua Glock. Wanaweza kuzoea, ila kwa mtu ambaye bado hajanunua, kwa nini ajipe kazi hiyo?

Kisha tazama kidole cha triga. Ukishika mpini sawasawa, mtutu ukiwa kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono, nyama ya ncha ya kidole ifike katikati ya triga bila wewe kuuzungusha mpini ndani ya kiganja. Mwanafunzi wangu mmoja, nesi wa zamu za usiku, alikuwa akipiga kushoto na chini kila mara, na mumewe akamwambia anaogopa mlio. Nilimwangalia mkono: mpini ulikuwa umezunguka hadi kifundo cha kidole gumba kikawa nyuma kabisa ya bastola, na kidole cha triga kilikuwa kinaisukuma pembeni badala ya kuivuta nyuma. Tukabadilisha kipande cha nyuma cha mpini, tukaweka kidogo kuliko vyote vilivyokuja kwenye boksi. Kundi la matundu likahamia katikati siku ileile.

Kwa hiyo uliza kama bastola inakuja na vipande vya kubadilisha. Smith & Wesson M&P 2.0 inakuja na vinne. Walther walitoa PDP ya F-Series wakifikiria mikono midogo tangu mwanzo: triga iko karibu zaidi na slaidi ni rahisi kuivuta. Hiyo ndiyo ninayoitumia, na sioni haya kuipendekeza. Wengine wataletewa Shield EZ ya Smith & Wesson kwa sababu slaidi yake ni laini. Ni bastola nzuri, ila ina nyundo ya ndani, kwa hiyo si ya kundi hili ingawa kwa nje huwezi kutofautisha.

Baada ya kiganja, angalia jinsi nukta itakavyokaa. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kila kilengeo kina mpangilio wake wa matundu ya skrubu. Ule wa Trijicon RMR ndio umeenea zaidi kwa bastola kubwa, na Holosun 507C inaufuata. Bastola nyembamba nyingi hutumia ule wa Shield RMSc (Shield hapa ni kampuni ya vilengeo, siyo bastola ile ya juu). Leupold DeltaPoint Pro ina wake, Aimpoint ACRO ina wake. Ndiyo maana viwanda vingi hukata nafasi pana kwenye slaidi kisha vinatoa mabamba: bamba linafungwa kwenye slaidi, nukta inafungwa kwenye bamba. Tayari una tabaka mbili za skrubu, na slaidi inakwenda mbele na nyuma kwa kishindo kila risasi inapotoka. Bamba la chuma cha pua linalobana vizuri pembeni lina thamani kuliko triga ya dhahabu. Afadhali zaidi ni nukta inayokaa moja kwa moja kwenye slaidi: inashuka chini karibu na mkono, skrubu zinapata nyuzi nyingi za kushika, na kinapungua kitu kimoja cha kulegea. Springfield Echelon, ya mwaka 2023, ina mfumo wa vijiti vya kubadilisha unaopokea nukta za aina nyingi bila bamba, na kwa mtu ambaye hajaamua atanunua nukta gani, hiyo ni sababu tosha ya kuishika mkononi.

Mtego mmoja wa bastola nyembamba: Glock 43X MOS imekatwa kwa RMSc. Nukta ya Holosun 507K inafanana sana na RMSc, lakini chini yake haina vishimo vyote vya kupokea vijiti vya slaidi ile, kwa hiyo haikai mpaka ubadilishe kitu. Soma maelezo ya nukta na ya bastola yote mawili kabla ya kulipa.

Na urefu wa skrubu! Kijana mmoja alileta bastola iliyokuwa inatoa maganda vizuri hadi siku alipoweka nukta. Kuanzia hapo ganda likawa linabaki chembani. Tulipoondoa nukta bastola ikapona. Skrubu ya upande wa kulia ilikuwa ndefu kidogo, ikawa inafika kwenye njia ya kijiti kinachosukuma kile kidole cha chuma kinachonasa ganda. Tumia skrubu zilizotajwa kwa bamba hilo na nukta hiyo, na ukishafunga, sukuma kile kidole cha chuma kwa ncha ya kalamu uone kama bado kinacheza.

Kuhusu SIG P320 sina budi kusema. Kuna kesi nyingi mahakamani hapa Marekani za watu wanaodai ilifyatuka bila triga kuvutwa, kampuni inakana. Kuna vikosi vya polisi vilivyoacha kuitumia. Kabla ya kununua, uliza renji au klabu yako kama inaruhusiwa. Mwanafunzi anayeanza namwonyesha nyingine, maana zipo nyingi nzuri: CZ P-10 ya kupokea nukta, M&P, PDP, Glock 19 MOS. Canik nazo zina triga safi kwa bei ya chini.

Ukubwa pia uuchague kwa macho ya nukta. Bastola ndogo kabisa ya mfukoni inapiga teke kali, nukta inaruka nje ya kioo na inachelewa kurudi. Ya kati, mtutu wa inchi 4 au zaidi kidogo, hukutunzia nukta ndani ya kioo. RMR ina uzito wa gramu 34 hivi pamoja na betri. Inaonekana ndogo, lakini slaidi nyepesi ya bastola ndogo inaihisi.

Nukta yenyewe sasa. Ukubwa wake hupimwa kwa MOA, kipimo cha pembe: kadiri shabaha ilivyo mbali ndivyo nukta inavyofunika zaidi. Nukta ya MOA 2 inafunika kama sentimita 1.3 kwa umbali wa yadi 25. Ya MOA 6.5 inafunika zaidi ya sentimita 4. Kwa anayeanza napenda ya kati, kama 3.25, au kubwa zaidi kama macho yamezeeka. Ukiiona imechanua kama nyota au ina mkia, usiirudishe dukani bado: ipige picha kwa simu kupitia kioo. Kwenye picha ikiwa ya duara, tatizo ni jicho lako, na wengi hawakuwa wanajua kama wana tatizo hilo. Jaribu ya kijani, au punguza mwanga.

Betri iwe ya kuchomoa bila kung'oa nukta. RMR ya zamani inawekewa betri kwa chini, kwa hiyo kila ukibadilisha unaifungua na kuirekebisha upya; Holosun 507C ina droo ya pembeni. Halafu kuna nukta zilizo wazi na zilizofungwa kwa kioo mbele na nyuma. Houston wakati wa kiangazi ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi kioo kinapata ukungu papo hapo, na kwenye nukta iliyo wazi vumbi na nyuzi za nguo huziba kitoa mwanga. Zilizofungwa, kama Aimpoint ACRO P-2 au Holosun 509T, zinafutwa kwa kona ya shati tu. Kwa atakayeivaa kila siku, nashauri iliyofungwa. Kwa wa mashindano ya wikiendi, 507C ya dola 300 hivi inatosha sana, na chenji ikanunue risasi.

Kufunga: safisha nyuzi za skrubu kwa spiriti, weka tone dogo la gundi ya bluu ya nyuzi, kaza kwa bisibisi yenye kipimo kufuata namba ya mtengenezaji. Trijicon husema inchi-pauni 12 kwa RMR. Nguvu ya mkono siyo kipimo. Kisha chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye nukta; mstari ukipinda utajua skrubu imezunguka kabla nukta haijaanza kucheza. Weka na vilengeo virefu vya chuma vinavyoonekana kupitia sehemu ya chini ya kioo, ili betri ikifa usibaki kipofu.

Mimi hurekebisha nukta ilingane na pale risasi inapoingia, kwanza kwenye yadi 10, kisha namalizia 25. Kwenye nukta nyingi mlio mmoja wa skrubu ya kurekebishia ni MOA 1, yaani chini ya milimita 3 kwa yadi 10 na kama milimita 7 kwa yadi 25. Kumbuka nukta iko juu ya mtutu kwa zaidi ya inchi moja, kwa hiyo karibu sana, yadi 3, risasi itaingia karibu inchi nzima chini ya nukta. Usiiguse skrubu kwa sababu hiyo.

Mwisho ni mfuko wa kuvalia bastola, na uununue siku hiyohiyo. Bastola nyingi za pini hazina kitasa cha usalama pembeni. Kinachozuia triga isivutwe ni kidole chako kuwa nje yake na mfuko mgumu kuifunika yote. Tafuta uliokatwa juu kupisha nukta, na uujaribu bastola ikiwa tupu: ubonyeze kwa nje kwa kidole gumba usawa wa triga. Ukihisi mfuko umebonyea, mrudishie muuzaji. Nyumbani bastola ikae kwenye kisanduku cha kufuli, hata kama watoto wako ni wakubwa, maana wa jirani huja kucheza.