Gari moja, watu wawili: mkae muongee kabla hamjatoa pesa

Kama wewe na mwenzio mko Malindi na mwataka gari, anzeni na hesabu ya safari, bei baadaye. Nani aenda wapi kila siku? Mjini hapa tuktuk na boda zakufikisha kokote, sasa kama gari ni ya kwenda Mombasa mara moja kwa mwezi, hizo kilomita 120 hivi, jamani pandeni matatu mungoje kidogo.

Mkishaamua, hapa Kenya gari ya kuagiza kutoka nje haitakiwi kupita miaka 8, na ya mkononi msitoe hata senti kabla ya kuangalia rekodi zake NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, halafu fundi aingie chini kabisa aangalie kutu maana chumvi ya bahari yala bodi polepole na juu bado yang'aa.

Kwa kugawana ndio watu huvutana sana. Logbook, ile hati ya umiliki wa gari, iwe na jina la nani, semeni mapema, na kama mke ametoa pesa zake za chama ziheshimiwe. Mafuta ajaze aliyetumia. Bima na sevisi wekeni pembeni kila mwezi. Asubuhi anayepeleka watoto shule ndiye mwenye funguo, mwengine apande tuktuk bila kununa.