Ukiambiwa "njoo unidhamini", uliza kwanza udhamini upi

Juzi shemeji kanipigia saa tatu usiku, "shem njoo unidhamini", mi nikajua kakamatwa, nikavaa viatu mbiombio, kumbe jamaa yuko kwake Mbagala anataka nimsainie mkopo. Dah. Hili neno lina mambo mengi, ukilisikia fanya hivi.

Anza na herufi. Kudhamini na kuthamini si kitu kimoja, japo mtaani watu wanaandika vyovyote. Yote ya Kiarabu ila mizizi tofauti, thamini inatokana na bei ya kitu (ndo ilikotoka thamani), dhamini ni kubeba jukumu la jambo la mwenzako, na kwa Waarabu mzizi huohuo unatoa pia neno la kuwa ndani ya kitu. Yaani mdhamini yumo ndani, hajasimama pembeni.

Halafu sikiliza limetumika wapi. Waziri mwenye dhamana, hapo ni jukumu tu. Benki ya NBC kudhamini Ligi Kuu ya Tanzania ni hela na matangazo. Bodi ya wadhamini ya msikiti au klabu, ile inayosajiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili na udhamini), inashika mali kwa niaba ya wenzao. Hizo hazikukoseshi usingizi.

Zinazouma ni mbili. Ya kwanza, ukiitwa mahakamani, tuseme Kisutu, umdhamini mtu atoke nje huku kesi inaendelea, beba kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, utasaini bondi, yaani ahadi ya maandishi, ya kiasi fulani cha hela na mtu wako akiingia mitini unaweza kudaiwa wewe hicho kiasi. Dhamana yenyewe haiuzwi, na "kapata dhamana" haimaanishi kesi imeisha, watu wanachinja mpaka kuku jamani. Ila kama kashtakiwa kwa mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha au utakatishaji fedha usihangaike kutafuta wadhamini, sheria imefunga.

Ya pili ni mkopo, na hii inaua kimyakimya maana unasainia sebuleni huku unakunywa soda. Kwa Sheria ya Mikataba deni la mkopaji ndo deni lako mdhamini, labda mkataba useme vingine. Kwahiyo uliza: naandika jina langu tu, au naweka dhamana, yaani hati ya nyumba, gari, friji? Kiasi gani, mwisho lini?

Shemeji nilimuuliza hayohayo, akasema "we saini tu shem, mambo madogo". Nikamwambia atume picha ya mkataba. Mpaka leo hajatuma.